Dogtown, mtaa unaostahili bei yake

"Ina saa ngapi?"

Hilo ndilo swali la kwanza la mchezaji anapoambiwa kwamba gemu aliyokwisha kuimaliza imetolewa kifurushi cha nyongeza, cha kupakua kwa kulipia. Akijibiwa ishirini, anaridhika. Akijibiwa tatu, anaona anaibiwa. Hesabu hiyo naielewa. Pesa ni ngumu, bando halidumu, na mtu aliyeshalipia gemu nzima ana haki ya kuhoji kwa nini anafuatwa tena mfukoni. Hata hivyo, saa zinapima muda utakaokaa mbele ya skrini tu, na muda huo unaweza kujazwa na chochote: kuokota vyuma chakavu, kupiga genge lilelile kwenye kona ileile, kupeleka ujumbe kutoka sayari moja hadi nyingine na kurudi na jibu.

Gemu za kuvaa uhusika zinahitaji kipimo kingine. Humo mchezaji hakabidhiwi shujaa aliyekamilika, anamjenga mwenyewe. Anamchagulia sura na sauti, anamfundisha kupigana au kudukua kompyuta, anamtafutia marafiki, anamtia kwenye uadui, na hadi kufika mwisho amemfanyia maamuzi mengi kiasi kwamba mtu yule amekuwa wake kweli. Kifurushi cha nyongeza kinamrudia mtu huyohuyo. Basi mimi huuliza hivi: kinamkuta alivyo na kumdai uamuzi mpya, au kinamtembeza kwenye mandhari mapya kisha kinamrudisha palepale alipokuwa?

Kwa kipimo hicho, kati ya nyongeza za gemu za bunilizi ya kisayansi nilizocheza, naiweka juu kabisa Phantom Liberty, nyongeza ya Cyberpunk 2077 iliyotolewa na studio ya CD Projekt Red ya Warsaw, Poland, tarehe 26 Septemba 2023. Nitaeleza kwa nini, na pia nitaeleza ni sifa ipi imepewa isiyo yake.

Biashara ya nyongeza ina historia yenye madoa. Aprili 2006 kampuni ya Bethesda iliuza vazi la kivita la farasi katika gemu yake ya Oblivion kwa dola 2.50. Farasi alipendeza, hadithi haikusogea hata hatua moja, na hadi leo mchezaji akianza kulalamikia vitu vya kulipia, vazi lile halikosi kutajwa. Machi 2012 Mass Effect 3 ilifika madukani huku nyongeza yake ya From Ashes ikiuzwa kando siku ileile. Ndani yake alikuwamo Javik, mtu wa mwisho wa Waprothean, jamii iliyotoweka ambayo mfululizo mzima ulikuwa ukiifukua siri yake tangu 2007. Wachezaji walipogundua kwamba sehemu ya data zake ilikuwamo tayari kwenye diski waliyoinunua, hasira yao ilikuwa halali. Nyongeza inatakiwa iongeze juu ya kitu kizima, na ile ilimega kipande kwenye sahani ya mteja kisha ikamuuzia.

Ajabu ni kwamba mfululizo huohuo ulikuwa umeshaonyesha njia iliyo njema. Septemba 2010 ilitoka Lair of the Shadow Broker, nyongeza ya Mass Effect 2. Unaimaliza jioni moja. Shujaa wako, Kamanda Shepard, anamfuata rafiki yake wa zamani, Liara T'Soni, katika sayari ya Illium, na kumkuta si yule aliyemwacha. Mtafiti mpole wa mambo ya kale amekuwa dalali wa taarifa, mtu wa kutisha wadeni. Pamoja mnamsaka muuza siri mkuu wa galaksi hadi kwenye meli yake inayoelea katikati ya tufani isiyokoma juu ya sayari ya Hagalaz. Mkishamshinda, Liara anakikalia kiti chake, na wewe unaachiwa uhuru wa kusoma mafaili ya siri aliyokuwa ameyakusanya juu ya marafiki zako wote. Nakumbuka nilivyoyasoma kwa aibu, kama mtu aliyefungua barua isiyo yake. Saa chache tu, lakini urafiki niliouleta kutoka gemu ya kwanza ulitoka pale ukiwa kitu kingine.

Sasa tuje Night City, jiji la Phantom Liberty.

Cyberpunk 2077, iliyotokana na mchezo wa mezani ambao Mmarekani Mike Pondsmith aliuanzisha mwaka 1988, ilizaliwa kabla ya siku zake kutimia. Ilitoka tarehe 10 Desemba 2020, na kwenye PlayStation 4 na Xbox One ilikuwa haivumiliki: picha zinakatika, magari yanaibuka hewani, gemu inajifunga yenyewe katikati ya mazungumzo. Wiki moja baadaye Sony iliiondoa kwenye duka lake la mtandaoni na kuanza kurudisha fedha, na haikuirejesha hadi Juni 2021. Hadi mwisho wa Desemba 2020 nakala zaidi ya milioni 13 zilikuwa zimeshauzwa. Studio iliahidi jiji linaloishi. Wengi walipata jiji zuri la kutazama, lenye polisi wanaochomoza nyuma ya mgongo wako hata ukiwa juu ya ghorofa.

Tarehe 21 Septemba 2023, siku tano kabla ya Phantom Liberty, studio ilitoa sasisho la 2.0 bila malipo. Hilo lilipangua mfumo mzima wa ujuzi, likawafanya polisi wafike kwa magari na kukufukuza barabarani, likaruhusu kupigana ukiwa kwenye usukani, na likaweka kikomo cha viungo vya bandia ambavyo mwili wa mhusika unaweza kubeba. Vitu hivyo viwili vilikuja karibu mno, na wahakiki wengi wakavisifu kwa pumzi moja.

Hapa ndipo ninapoachana nao. Ahadi ni deni, na sasisho la 2.0 lilikuwa malipo ya deni la 2020. Aliyenunua gemu siku ya kwanza alikuwa ameshalilipia. Phantom Liberty, iliyouzwa kwa dola 29.99, ni bidhaa mpya na inapaswa kusimama kwa miguu yake. Ukizichanganya, unampa fundi tuzo kwa kurudi kuziba paa alilolijenga likivuja. Tena deni lenyewe halikulipwa kwa wote. Wenye PlayStation 4 na Xbox One, ndio hao walioumia kuliko wengine mwaka 2020, hawakupata sasisho la 2.0 wala hawawezi kucheza Phantom Liberty. Mhakiki anayeandika kwamba studio "imejikomboa" awakumbuke watu hao kabla hajafunga sentensi.

Nikishaliweka hilo kando, na kuitazama nyongeza yenyewe bila kuisifia barabara zilizokarabatiwa, bado nasema ni kazi kubwa.

Inaanza na mahali. Dogtown ni kipande cha wilaya ya Pacifica, pwani iliyokusudiwa kuwa ya mahoteli na starehe. Vita vya Muungano vilipokuja, wawekezaji walikimbia na maghorofa yakabaki mifupa ya zege. Kanali Kurt Hansen alikuja na kikosi chake kupigana vita hivyo, na vilipokwisha alikataa kuondoka. Akajenga ukuta, akaweka mageti, wapiganaji wake wakajiita Barghest, na ndani ya ukuta akawa yeye ndiye serikali, polisi na mtoza ushuru. Uwanja wa michezo umegeuzwa soko la silaha na viungo vya bandia. Jengo la umbo la piramidi ni klabu ya usiku. Watu wanaishi kwenye makontena yaliyopangwa juu ya madaraja ambayo hayakuwahi kumalizika.

Ukilinganisha na Night City nzima, mtaa huu ni mdogo, na udogo wake ndio unaoubeba. Waundaji wameubana kwenda juu na chini badala ya kuutandaza. Njia moja ina baa, juu yake kuna kambi, chini yake kuna handaki lenye maiti za vita, na mwenye baa anawajua walioko kambini. Baada ya muda unaacha kutazama ramani. Katika gemu kubwa za siku hizi, ambako ramani imejaa alama kama upele, kuufahamu mtaa kwa macho na miguu yako ni raha niliyokuwa nimeisahau.

Hata vibarua vidogo vimebadilika. Night City ya 2020 ilikuwa na kazi nyingi za ingia, iba, toka. Huku Dogtown dalali wa kazi, Mr. Hands, anakutuma kwa mtu, na mtu huyo ukimfikia anafungua mdomo. Ana sababu yake. Anakupa taarifa ambayo aliyekutuma hakukupa. Unasimama pale na bastola mkononi, na hakuna alama ya kijani wala nyekundu inayokuonyesha jibu zuri. Baadhi ya kazi hizo ningezilipia hata zingeuzwa peke yake.

Kuanzia hapa nitaeleza hadithi hadi mwisho wake. Anayetaka kuicheza bila kujua kitu ashuke hadi pale ninapoanza kuzungumzia kasoro.

Mhusika wako anaitwa V, mamluki aliyewekewa kichwani chipu yenye nafsi ya marehemu Johnny Silverhand, mwanamuziki na muasi anayechezwa na Keanu Reeves. Chipu hiyo inamuua V polepole, na gemu nzima ya mwanzo ni msako wa tiba. Phantom Liberty inaanza kwa sauti ya mwanamke asiyejulikana inayoingia moja kwa moja ndani ya kichwa hicho. Anaitwa Song So Mi, jina la kazi Songbird, mdukuzi wa Rais Rosalind Myers wa Marekani Mpya. Ndege ya rais inaangushwa juu ya Dogtown. So Mi anasema: mwokoe rais, nami nitakupa tiba. V atakataaje?

Ili kumtoa rais, V anatakiwa kumwamsha jasusi aliyelala, Solomon Reed. Sauti na uso ni vya Idris Elba, Mwingereza mwenye baba wa Sierra Leone na mama wa Ghana, yuleyule ambaye mwaka 2024 Serikali ya Zanzibar ilieleza kumtengea ardhi kwa ajili ya studio ya filamu. Reed aliachwa na serikali yake mwenyewe miaka saba kabla, akasalitiwa, akapigwa risasi, akabaki amejificha katika jiji la adui akisubiri simu. Simu ikipigwa, anaipokea. Haulizi kwa nini aliachwa miaka yote hiyo, wala hadai mshahara wa miaka saba.

Sisi tuliolelewa na riwaya za Elvis Musiba tunamjua shushushu wa namna ya Willy Gamba: jasiri, mwaminifu, na taifa analolitumikia liko upande wa haki. Msomaji alikuwa anajua amshangilie nani kuanzia ukurasa wa kwanza. Reed ana ujasiri wote huo na uaminifu zaidi ya huo, ila anautoa kwa rais asiyeustahili, naye anajua. Elba anamcheza kwa sauti ya chini, karibu ya uchovu, na hakuna tukio analolazimisha. Nilimwamini Reed kila neno alilosema, na ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu mtu mkweli anayemtumikia mwongo anakuwa daraja la uongo.

So Mi ni kinyume chake. Alikuwa kijana mdukuzi wa Brooklyn alipokamatwa, na Reed ndiye aliyemwingiza kwenye idara ya ujasusi. Rais Myers akamtumia kuvuka Blackwall, ukuta wa kidijitali unaozizuia akili unde zilizoasi zisirudi kwenye mtandao wa binadamu. Kila akivuka, kitu cha upande wa pili kinamla. Anakufa kama V anavyokufa, na anadanganya kila mtu kwa sababu hana silaha nyingine. Ndiye aliyeipanga ndege ya rais ianguke.

Usiku wa kukutana na Hansen unapofika, gemu inakusimamisha katikati ya Reed na So Mi. Ukimsaidia Reed, So Mi anakamatwa, na huko mbele unaishia kwenye maabara ya Cynosure, handaki la zamani la kijeshi, ambako roboti isiyouawa kwa risasi inakuwinda gizani. Silaha zote ulizokusanya kwa makumi ya saa hazikufai kitu. Unajificha, unasikiliza nyayo za chuma, unapita kwenye kumbukumbu za So Mi zilizochanwachanwa. Gemu ya bastola na mapanga inageuka kuwa ya hofu tupu. Wapo waliochukia sehemu hiyo kwa kuwa inawanyang'anya nguvu zao. Kwangu ni sehemu ya kijasiri kuliko zote, kwa sababu hapo ndipo unapojua So Mi amekuwa akiishi vipi. Ukimfikia, anakuomba umuue asirudishwe kwa Myers.

Ukimsaidia So Mi, mnakimbilia uwanja wa vyombo vya anga ili apande chombo cha kwenda mwezini kutibiwa. Mnapigana na jeshi zima. Anaishiwa nguvu, unambeba. Kwenye treni ya mwisho, ukiwa umeshaua watu wasio na idadi kwa ajili ya ahadi yake, anakueleza ukweli: kifaa cha tiba kinaponya mtu mmoja tu. Alijua tangu siku ya kwanza. Tiba ya V haikuwahi kuwepo.

Nimeufikiria sana wakati wa ungamo hilo. So Mi angeweza kunyamaza. Zimebaki dakika chache, V anambeba, uongo ungemfikisha. Anasema ukweli pale hasa unapoweza kumgharimu uhai, kisha anazimia, na huwezi kumuuliza zaidi. Mbele yenu anasimama Reed. Anaomba umkabidhi, naye anaahidi kwamba serikali itawatibu wote wawili. Aliyekudanganya yuko mikononi mwako hajitambui. Mkweli anazungumza kwa niaba ya waongo. Mimi nilimpandisha So Mi kwenye chombo, na ili kufanya hivyo nililazimika kumpiga risasi Reed, mtu pekee katika hadithi nzima ambaye hakunidanganya. Najua wachezaji waliomkabidhi na wana hoja nzito. Nimebishana nao na sijawashinda.

Anayemkabidhi So Mi akiwa hai, kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, anafunguliwa mwisho mpya wa gemu nzima, unaoitwa The Tower. Serikali inatimiza ahadi. V anafanyiwa upasuaji na anapona, jambo ambalo hakuna mwisho mwingine unaolihakikisha. Anaamka baada ya miaka miwili ya usingizi wa mahututi. Johnny hayupo. Mishipa yake haiwezi tena kubeba viungo vya kivita. Anapiga simu kwa watu aliowapenda: mmoja ameoa na amehamia mji mwingine, mwingine hataki kuongea naye. Kliniki ya Viktor, daktari aliyekuwa kama mzazi kwake, iko chini ya shirika kubwa. Vibaka wa mtaani ambao zamani angewamaliza kwa sekunde wanampiga hadi anaanguka. Anainuka na kuingia kwenye umati, mtu wa kawaida kama wengine.

Katika saa za mwanzo kabisa za Cyberpunk 2077, dalali wa kazi Dexter DeShawn anamuuliza V anataka nini: maisha marefu ya kimya au kifo chenye jina kubwa. Wakati ule mchezaji anajibu kwa wepesi, ni mazungumzo ya garini tu. Miisho yote ya 2020 ilikuwa na harufu ya jina kubwa. Ikabidi nyongeza ije miaka mitatu baadaye kuuliza swali lile kwa uzito, ikamwekea V uhai mkononi na kumwonyesha bei yake. Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta nilipotaja kipimo changu. Phantom Liberty inageuza maana ya kitu ulichokifanya saa hamsini kabla yake.

Kasoro zipo, na baadhi zinauma. Kanali Hansen, aliyejengewa mtaa mzima na sura ya kutisha, anapewa mazungumzo machache na anaondoka kwenye hadithi kabla hujamjua. Kazi za kuiba magari na masanduku ya shehena yanayoangushwa kutoka angani ni za kujazia, na baada ya muda zinafanana. Wapenzi na marafiki wa V kutoka gemu ya mwanzo karibu hawana la kusema kuhusu Dogtown, ilhali mpenzi wako anapaswa kushtuka ukimwambia umemwokoa rais. Vilevile kila njia inaficha karibu robo ya mwisho ya hadithi, hivyo mwenye muda wa kucheza mara moja ataikosa Cynosure au atakosa treni. Hilo la mwisho naliona kama gharama ya uamuzi wa kweli, ila ni gharama, na anayelipa kwa shilingi ana haki ya kuijua mapema.

Kulinganisha kunasaidia. Septemba 30, 2024 Bethesda ilitoa Shattered Space, nyongeza ya Starfield, kwa bei ileile ya dola 29.99. Inakupeleka sayari ya Va'ruun'kai, kwenye jiji la Dazra, nyumbani kwa jamii ya kidini ambayo Starfield iliizungumzia kwa minong'ono tu. Mandhari yake yana rangi ya kutisha na uzuri wake mwenyewe, na yametengenezwa kwa mkono, tofauti na sayari nyingi tupu za gemu mama. Lakini shujaa wako anaingia Dazra akiwa mgeni na anatoka akiwa mgeni mwenye cheo. Uamuzi wa mwisho ukishaufanya, galaksi inaendelea kana kwamba hukwenda popote. Bei moja na aina moja ya gemu, lakini ile ya Poland bado inanisumbua usingizini na hii ya Marekani nimeshasahau hata majina ya watu wake.

Kuna jambo moja zaidi la Phantom Liberty ambalo nataka lisipite. Miłogost Reczek, mwigizaji wa Poland aliyempa Viktor sauti katika toleo la Kipolandi, alifariki mwaka 2021. Studio iliomba ridhaa ya familia yake, ikamtumia mwigizaji mwingine kutamka maneno mapya, kisha programu ya akili unde ikaibadilisha sauti hiyo iwe ya Reczek. Katika gemu inayomhusu marehemu anayeendelea kusema ndani ya kichwa cha mtu hai, hilo si jambo dogo. Ridhaa iliombwa na mwigizaji aliyefanya kazi alitumika, na kwa hiyo naliheshimu. Bila ridhaa lingekuwa wizi wa maiti, na waigizaji wetu wa sauti, ambao kazi yao inaanza kuwindwa na programu hizohizo, wadai kifungu cha ridhaa kwenye kila mkataba kuanzia sasa.

Kwa mnunuzi wa huku kwetu, dola 29.99 zilikuwa takriban Sh75,000 za Tanzania nyongeza ilipotoka, juu ya bei ya gemu mama na makumi ya GB za kupakua. Hushuka bei mara kwa mara wakati wa mapunguzo ya maduka ya mtandaoni, kwa hiyo subira inalipa. Kiswahili hakimo kati ya lugha zake, na Kiingereza chake ni cha mtaani na cha kijasusi, chenye maneno mengi ya kubuni. Washa maandishi ya chini hata kama unasikia vizuri. Ukiwa na haraka, gemu inakuruhusu kuanzia moja kwa moja kwenye nyongeza bila kucheza sehemu ya mwanzo. Usifanye hivyo. Mzigo wote niliousimulia unategemea V uliyemjenga mwenyewe, na V wa kupewa hatakuuma. Usitazame pia miisho yake kwenye YouTube kabla hujafanya uamuzi wako.

Mwenye PlayStation 5, Xbox Series au kompyuta nzuri yenye SSD, ainunue bila wasiwasi. Mwenye PlayStation 4 asikubali kudanganywa na muuzaji yeyote wa diski wala akaunti: Phantom Liberty haipo kwenye mashine hiyo.